Ukurasa wa Thalathini na Moja

Gazeti la Jumanne hufika Langoni Jumatano,
limevuka kutoka Mokowe chini ya trei za mayai.
Wenzangu huanza na mpira. Mimi, tangu nistaafu ualimu,
huanza nyuma, kwenye maandishi madogo kama chawa:
hati ya shamba iliyopotea, mtu aliyebadili jina,
na katikati yao, siku hiyo, ukuta wa chumba changu.

Hawakuuita ukuta.
Waliandika kiwanja nambari mia nne na kumi na saba,
kuongeza ghorofa mbili, kubadili matumizi
kutoka makazi hadi nyumba ya wageni,
mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi na nne.
Yote kwa Kiingereza cha mahakamani, kisicho na pumzi.

Nikatoka, nikahesabu milango kwa kidole
kama nilivyokuwa nikihesabu watoto gwarideni.
Mia nne na kumi na saba ni kwa Lali Badi.
Lali! Ambaye kikohozi chake nakijua,
cha baridi mbali, cha hasira mbali.
Akipigilia msumari kwake, kalenda yangu hutikisika.
Wali wake ukishika moto, mimi ndiye wa kumwambia.
Na neno hili alilipeleka Nairobi,
likapigwa chapa, likapanda basi, likavuka maji,
lije kunibishia hodi toka upande wa pili wa jiwe.

Siku ya nne nilinunua karatasi ya manila.
Nikalivua tangazo nambari, nikalivisha majina:
Nyumba ya Lali, yenye komeo la shaba, yataka kupanda.
Bi Mwanatumu, jua lako la kuanikia litakwisha saa nne.
Kisima cha kwa Shee Kupi kitagawana maji na vyoo kumi na viwili.
Nikaibandika kwenye kona kwa uji wa ngano.
Alfajiri punda wa Famau alikuwa ameila,
uji na habari,
akaacha neno PINGAMIZI, maana lilikuwa juu mno.

Basi gazeti nikawa mimi.
Nilisoma vizingitini, nilisoma jikoni,
nilimsomea Bi Mwanatumu mara tatu, sikio lake la kushoto.
Mmoja akaniuliza, Lali amekukosani?
Mwingine akasema ghorofa ni riziki,
mwanangu atabeba mawe, usinitie katika karatasi yako.
Sikumtia. Lakini maneno yake niliyaandika,
kwa kuwa naye ni umma.

Siku ya kumi na tatu, ofisini,
kijana Kazungu alifunua faili, akaniwekea ukurasa uleule.
"Umma uliarifiwa, Mama."
"Umma upi, mwanangu?"
Akaangalia dirishani. Kisha, taratibu: "Wanaosoma."
Nikampa sahihi tisa na vidole gumba viwili.
Muhuri ulikuwa mkavu. Akaupulizia pumzi,
akapiga tena, ikatokea nusu ya tarehe.

Usiku Lali alikohoa
kikohozi nisichokijua.
Kisha sauti, chini, kwenye usawa wa mto wangu:
"Mwalimu, mbona hukunambiya?"
Nikauweka mkono ukutani. Ulikuwa na joto la mchana bado.
"Na wewe, Lali?"
"Sheria yataka gazeti."
"Gazeti nimelisoma."

Kimya kikakaa kati yetu kama mgeni asiyekaribishwa.
Nilidhani amelala.
Halafu nikasikia kiti kikiburutwa, kikija karibu,
na Lali akaanza kueleza, tangu mwanzo,
deni, mwanawe wa Mombasa, dari litakapofikia,
akigonga jiwe kunionyesha urefu,
hapa, na hapa, na hapa,
na kila akigonga, kalenda yangu ikitikisika.