Jibu la Tatu

Wanafunzi waliandika namba viganjani kwa kalamu ya bluu:
mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta,
na kabla hawajafika maabara jasho limekwisha kula nukta mbili.
Vitabu mia tisa vimo kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza yangu
na hakuna anayevifikia, kwa kuwa njia ni tarakimu.

Basi nikasema nitaandika mjibu-majina.
Si mkubwa. Mistari arobaini ya Paithoni,
kamusi moja, soketi moja, na kikombe cha kahawa
iliyokauka kwenye turubai la jirani, hapa Bwera,
malori ya mpakani yakihema nje, yakisubiri asubuhi.

Mlango wake ni hamsini na tatu. Ulinikatalia kwanza:
milango ya chini haifunguliwi na kila mpita njia.
Nikabisha kwa nywila ya mwenye mashine.

Swali huja limekatwakatwa. Halisemi "maktaba nukta shule."
Husema: saba, kisha herufi saba; tano, kisha herufi tano;
halafu sifuri, yaani nimemaliza,
kama mgeni atajaye idadi ya mizigo kabla ya kuitua.

Usiku wa kwanza nilijibu, na hakuna aliyesikia.
Swali likarudi. Nikajibu. Likarudi.
Saa saba ndipo nilipoona: baiti mbili za mwanzo,
alama ya muulizaji, sikuwa nimemrudishia.
Jirani akikuletea mboga, bakuli hurudi lile lile;
ukimpa lingine, hata likijaa asali, atasema si langu.
Nikarudisha bakuli. Ukurasa ukafunguka
mweupe, taratibu, nami nikacheka peke yangu kama mwizi.

Jumatatu Thembo aliandika neno badala ya namba,
akatazama kiganja chake kitupu.
"Mwalimu, imenijua."
Haikujui, nikamwambia. Inajua kamusi tu.

Lakini kwetu Wakonzo jina na namba havijawahi kuachana.
Thembo ni mvulana wa tano; huna haja ya kuuliza.
Mimi ni Kabugho, binti wa tatu,
ingawa nyumbani tulikua wawili, Biira na mimi.
Masika, wa kwanza, alizikwa kabla sijazaliwa.
Hakuna aliyenisogeza mbele kuziba nafasi yake.
Kila aniitaye humhesabu na yeye.

Jioni husoma daftari la seva, maswali yote ya siku:
maktaba, maktaba, maktba, mtihani,
na saa kumi na dakika nne, kutoka kompyuta ya dirishani:
masika.shule
Jibu: tatu.
Ndiyo namba ya kusema jina hilo halipo.
Waliopanga kanuni hizi waliichagua, mbali huko, bila kunijua.
Si "sijui." Si "ngoja niulize." Halipo.

Namjua. Wa kidato cha kwanza, mwenye viatu vya kaka yake.
Alitaka kuona kama mashine inamfahamu,
akajibiwa, akafunga, akaenda kuchota maji.

Ningeweza kuliacha. Mashine haikudanganya.
Nikafungua faili, nikaongeza mstari:
masika, kisha namba ya kompyuta iliyo miguuni pangu,
na huko ukurasa mmoja mtupu, aandike apendavyo.

Mwishoni bado kuna swali: jibu hili likumbukwe kwa muda gani?
Mengine yote nimeyapa sekunde sitini.
Hapa kidole kikasimama. Umeme ulipepesa, ukarudi.
Nikaandika elfu themanini na sita na mia nne,
siku nzima,
nikahifadhi, kisha nikampigia Biira,
tukaongea habari za miche ya kakao.