Matembezi

Miaka kumi na moja ya ndoa, na safari zetu zote
zilikuwa za hospitali ya Ndanda au za matanga.
Nikamwambia Mchopa: mwaka huu, kabla ya mnada wa kwanza,
unipeleke Rondo.
Rondo kuna nini?
Kuna majani.
Akautazama mkorosho nyuma ya choo, akanitazama mimi.
Majani, akasema,
kama mtu anayerudia bei aliyotajiwa kwa makosa.

Tulikwenda. Pikipiki ya shemeji, petroli lita tatu,
muhogo wa kuchemsha ndani ya kitenge,
chumvi na pilipili kwenye karatasi ya daftari.
Cherehani niliifunika shuka,
sare mbili za shule zikiwa bado hazina vifungo.

Kutoka Mtama ni vumbi, halafu ni kona.
Kwenye kona ya nne baridi ilitupokea,
ikaingia mikononi mwa blauzi bila hodi.
Mchopa akatia gia ya pili, akatia ya kwanza,
kisha akasema: shuka, usukume.
Nikashuka. Nikasukuma. Nikacheka mpaka nikaketi chini.
Ndivyo nilivyoingia mlimani, kwa mguu, nyuma ya moshi.

Kizuizini pana daftari.
Jina. Utokako. Sababu ya safari.
Waliotutangulia waliandika mbao, utafiti, asali;
mmoja aliandika kesi.
Mchopa aliishika kalamu muda mrefu.
Mkono ule umezoea kuandika kilo.
Bwana misitu akamhurumia: andika matembezi.
Akaandika, herufi zote zimeinama mbele
kana kwamba nazo zinasukuma pikipiki.

Kisha miyombo.
Sikujua niseme nini, na bado sijui.
Nilisema nyekundu, lakini si nyekundu ya khanga.
Ni ya shaba, ya hina ya juzi, ya ulimi wa mtoto mchanga,
mlima mzima,
na tone la mvua halijaanguka.
Benki kule Lindi wana kalenda yenye mlima wa ughaibuni,
majani mekundu vilevile, na karani aliniambia
huko yakifika hapo yanakufa.
Nikalichuma moja. Laini kama ndewe ya sikio.
Haya yamezaliwa Jumanne.

Mchopa hakuwa ananisikia.
Alikuwa amechutama kando ya kisiki
kipana kuliko meza yangu ya kukatia,
anapapasa ukingo wake kama anayetafuta mshono.
Huu ni wangu, akasema.
Wako vipi?
Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi juu, Nambole shimoni,
msumeno mmoja, siku tatu. Mninga.
Mbao tukazishusha usiku.
Hatukulipwa.

Miaka kumi na moja nalala na mtu huyu,
nalijua kovu la goti, nalijua deni la salfa;
sikujua kwamba kuna mti unaomdai.
Ubavuni mwa kisiki machipukizi manne,
moja linamfika kifuani.
Nikangoja aseme neno.
Alifungua kitenge, akavunja muhogo,
akauliza chumvi iko wapi.

Tulilala Mnara, chumba kimoja, blanketi moja
lenye muhuri wa shule ambayo hatukuisoma.
Komba akalia gizani, mdogo kuliko sauti yake.
Mchopa akaniingizia nyayo zake kati ya zangu,
baridi kama visahani.
Umeona majani? akauliza.
Nimeona.
Akanyamaza. Nikadhani kalala.
Nambole alikufa mwaka uleule, akasema.

Jani nililitia kwenye kopo la vifungo.
Wiki ya pili lilikuwa jeusi, limejikunja kama risiti.
Baada ya mnada nilimuuliza dereva wa lori la korosho,
yeye hupita huko: mlima uko vipi sasa?
Kijani tu, mama, akasema.
Kwani ulikuwaje?