Tabaka la Saba

Kompyuta yangu ina miaka kumi na miwili
na programu iliyomo ina mitatu zaidi.
Niliinunua mara moja, kama sufuria,
na kama sufuria imeshika masizi, haijatoboka.
Haya matoleo mapya hulipiwa kila mwezi,
na mimi tayari nina mwenye nyumba.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Mtaa wa Mfangano,
ghorofa ya tatu, mlango unaokwama,
akaingia Ombati na flashi
aliyoizungushia leso kama jino lililong'olewa.
"Kijitabu cha mazishi ya mama. Tunasafiri kesho usiku.
Nakala mia mbili. Kila kitu kiko tayari,
binti ya dada yangu amekitengeneza, yuko Toronto."

Kila kitu kiko tayari:
maneno hayo nimeyasikia kuliko jina langu.

Nikabofya. Feni ikapiga kelele
kama kuku aliyeona mwewe,
kisha mashine ikaniuliza, kwa adabu yake ya kizamani:
Faili hili limetoka toleo nisilolifahamu.
Humu mna mambo ambayo sijafundishwa.
Nikuonyeshe picha iliyogandana,
au nikupe matabaka, na nisichokijua nikitupe?

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Nilianza na iliyogandana.
Ikaja nzima, nzuri: Mama Kemunto kwenye kiti cha plastiki,
kitambaa cha zambarau, migomba nyuma yake,
peke yake, anatabasamu upande.
Ila mwaka wa kuzaliwa ulikosewa,
na picha ya namna hiyo ni uji uliolala,
ukigusa tarakimu unabomoa shavu.
"Si arobaini na nane," Ombati akasema, "ni arobaini na tatu.
Wazee watasoma. Wazee hawasomi kingine, husoma miaka."

Basi nikafungua upya, nikaomba matabaka.

Mwandiko alioupenda yule binti haukuwepo;
ukaja mwingine, mnene, wa bango la mkutano wa injili.
Kivuli kikapotea. Ile nuru ya zambarau ikapotea.
Na tabaka la saba, ambalo mashine yangu haikulielewa,
likatupwa bila kishindo,
na pale palipokuwa na migomba
akatokea mwanamume.

Amesimama, mkono begani mwa mama,
shati la mikono mifupi, kalamu mfukoni.
Na mama, sasa nikaona, hakuwa akitabasamu upande.
Alikuwa akimtabasamia yeye.

Chini barabarani muuza soksi alikuwa akitaja bei.
Ombati akavua kofia. Akaivaa tena.
"Huyo," akasema, "tulikubaliana asiwepo."

Sikuuliza mlikubaliana na nani. Kazi yangu ni wino.
Nikamweleza tu: naweza kumfuta kwa mkono,
nichote jani hapa, nibandike pale,
itafika saa tatu usiku, na ukingo utaonekana
kwa anayejua pa kutazama.

Akapiga simu Toronto. Kule ni asubuhi, haikushikwa.
"Rekebisha mwaka kwanza."
Nikarekebisha.
"Hiyo kalamu. Unaweza kuikuza?"
Nikaikuza mpaka ikawa vigae vya kijivu na buluu,
akainama karibu na kioo, pumzi yake ikaacha ukungu.
"Ni ya baba," akasema. "Tulisema ameiuza."

Nikahifadhi. Mashine, kama kawaida yake, ikauliza:
Kilichotupwa hakitarudi. Niendelee?
Kidole changu hewani, nikamtazama.
"Endelea," akasema,
na sijui hadi leo alikuwa akimjibu nani.

Printa ikakohoa hadi saa mbili kasoro.
Tukahesabu pamoja, karatasi zikiwa bado na joto:
mia mbili, na mbili za ziada.
Hizo mbili akaziweka kwenye bahasha ya peke yake,
akaomba kalamu,
akaishika muda mrefu,
akanirudishia bila kuandika jina.