Dakika Tano

Mbazi dalali alinianzia na nyumba ya juu,
ng'ambo ya mto Rau, penye migomba:
vyumba vitatu, vigae, geti jekundu,
na Kibo nzima imejaa dirishani kama picha ya kalenda.
"Mjini ni dakika tano," akasema.
Nikamuuliza: dakika tano kwa nini?
Akalipiga kofi tangi la pikipiki yake,
kama mtu amsifuye ng'ombe mnadani.

Ya pili ilikuwa kusini, ukielekea kwenye miwa.
Vumbi lilikwisha kuhamia kabla yangu.
"Dakika kumi. Na lami inakuja."
Lami hiyo inakuja tangu niko darasa la sita.

Mimi sikubeba futi kamba.
Nilikuja na mama yangu, Naetwe, mtu wa Usangi,
mwenye goti moja zima na jingine la kubembeleza,
na fimbo ya mpera aliyoichonga mwenyewe.
Nyumba naipima kwa mapumziko yake:
ataketi mara ngapi kabla ya kufika sokoni,
na pa kuketi je, papo?
Na nani atamwamkia
akamngoja mpaka pumzi imrudie, aitikie?

Nami nina langu.
Maabara ya Mawenzi hunitoa usiku,
macho yamechoka kutazama damu za watu.
Nataka njia yenye taa
na muuza chipsi aliye macho.

Ya tatu, Kiusa.
Vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani.
Dari lina doa lenye umbo la Ziwa Jipe.
Jirani ana redio, na mkewe ana maoni.
Mlima hauonekani,
ila ukisimama kwenye kamba ya kuanikia,
kati ya tangi la maji na bati la watu,
utaona kipande cheupe, kona tu ya leso.

Tukatoka na mama. Nikahesabu kimya.
Mkate: milango minne.
Dawa ya presha: kona moja.
Sokoni: pumziko moja, kibarazani kwa fundi viatu,
aliyesogeza nyundo na soli zake bila kuombwa.
Kituo cha magari ya Same: mapumziko mawili,
la pili la starehe tu,
maana palikuwa na kivuli, na watu wakibishania bei ya vitunguu,
na mama hajapata kupita ubishi bila kuchangia.
Mawenzi: hatua mia tisa na kitu.
Hicho kitu sikijui; nilipoteza hesabu kwa kuitikia salamu.

"Dada, kwa kodi hii kule juu ungepata na bustani."
Kweli.
Nilisimama pale nikaiaga,
pamoja na sukuma wiki ambazo sikuwahi kuzipanda.
Mpaka leo huziota, majani mapana, yana umande.

Mwezi wa pili, Jumanne, nimelala baada ya zamu,
naamka kiti cha mama ni kitupu.
Fimbo haipo. Kikapu hakipo.
Nikahesabu mapumziko,
nikaongeza moja, nikaongeza la pili,
nikavaa kiatu kimoja, nikakivua.

Saa sita kasoro akaingia,
na dagaa, na ndimu tatu, na habari za misiba miwili.
"Nimekwenda mwenyewe," akasema,
akapanga chenji mezani, sarafu juu ya sarafu.
"Nimemkuta na yule kijana wako wa nyumba,
anakokota pikipiki, mafuta yamemwishia.
Nikamuuliza, dakika ngapi?
Hakucheka.
Nikampa ndimu. Zilikuwa nne."

Juzi mvua zimeanza.
Ziwa Jipe linapanuka juu ya jiko,
nimelitegea sufuria, linadondoka humo, tu, tu,
na mwenye nyumba anasema fundi anakuja,
kama lami.
Nageuka nimwambie mama.
Ameshatoka.