Muhuri wa Mulambula

Muhuri wetu una kidonda katikati.
Mzee Ntakwinja aliukwangua kwa wembe
mwaka ule nchi ilipobadili jina;
mpya haukuletwa.
Hata leo nikiugonga kwenye cheti cha mtoto
huacha tundu jeupe mahali pa taifa.

Mimi ndiye karani. Nafika saa mbili,
nafagia mavi ya popo, nafungua dirisha
linalotazama mteremko wa chai iliyogeuka msitu.
Hapo Mbelgiji alihesabu vikapu
na babu zetu wakahesabiwa pamoja navyo.
Daftari la kwanza lina nambari, uzito, viboko;
majina yanaanza ukurasa wa arobaini.

Tukawa sekta. Tukawa zoni. Tukawa sekta tena.
Usiku mmoja redio ikatamka: komini.
Tulilala kijiji, tukaamka mji.
Watu wakauliza kama umeme unakuja.
Kikaja kibao cha buluu,
na mbuzi wa jirani wakapata pa kujikunia.

Bugumestri anaishi Bukavu.
Saini yake hupanda pikipiki kila Ijumaa,
tope likiridhia.

Jana tulikaa kikao: daraja la Cishaka.
Magogo yalikuwa matatu, moja limekuwa makaa.
Ikaamuliwa kila kapu sokoni litoe franka mia mbili.
Ndipo akaingia M'Cibalonza, muuza maharage,
hakubisha hodi,
akafungua kopo la maziwa ya unga
akazipanga risiti mezani kama mtu anayeanika dagaa:
daraja, makuta; daraja, zaire;
daraja, franka; daraja, chumvi vilo viwili,
(hiyo ya vita, haina tarehe,
aliyeiandika hakujua kuandika);
daraja, franka tena.
Ya chini kabisa, ya manjano,
ilikuwa na muhuri mzima.
Sikuwahi kuuona mzima.

"Miaka yote hiyo," akasema,
"na mguu wangu bado unapita majini."

Mwenyekiti alikohoa. Mtu akauliza saa.
Mama akafungua fundo la kitenge,
akahesabu mia mbili, noti laini kama kitambaa.
"Nitalipa. Ila hilo tundu
ulizibe kwa kalamu."
"Niandike nini, mama?"
"Andika: deni."

Nikaandika. Herufi nne, zimeenea barabara.
Leo ni Ijumaa, mvua haijakata tangu alfajiri,
na nje wamepanga foleni, kila mmoja
ameshika risiti yake ya zamani.