Mamothi wa Saa Sita na Nusu

Kila Alhamisi, baba akishashuka mgodini
na mama akishazima taa ya ngazi,
Réjean na mimi tuliteremka chumba cha chini
kwa soksi, pumzi tumezibana,
tukawasha televisheni kwa sauti ya mbu.
Sudbury, Januari. Theluji imefika dirishani,
na dirisha lenyewe dogo kama bahasha.

Saa sita na nusu: ngoma ya mifupa,
pango lililochorwa na mkono wenye haraka,
na Brogu anatokeza, tumbo mbele, rungu nyuma,
anadaiwa kodi ya pango
na mamothi mwenye miwani,
mamothi mwenye daftari la mawe,
anayelamba ncha ya mkonga kabla ya kufunua ukurasa.

Kipindi cha tatu Brogu alivumbua gurudumu.
Alilisukuma hadi mlangoni, jasho likimtiririka.
Gruna mkewe akalitazama mbele, akalitazama nyuma.
"Zuri," akasema. "Twende nalo wapi?"
Brogu akafikiri mpaka matangazo yakapita.
Tuliporudi alikuwa amelikalia, anakula.

Mizaha ilikuwa ya wakubwa. Sisi tulicheka tu,
tukitazamana kama watu waliorudishiwa chenji kupita haki yao.
Mmoja niliuelewa nikiwa na miaka thelathini na mmoja,
kwenye foleni ya benki.
Nilicheka peke yangu. Mlinzi akanisogelea.

Vipindi kumi na kimoja, basi.
Katika cha mwisho barafu ilionekana kwa mbali, mstari mweupe.
"Hiyo ni ya majirani," alisema Brogu,
kisha maandishi: Itaendelea.
Alhamisi iliyofuata
kulikuwa na mtu anauza visu.

Nimeuliza. Odile wa duka la mikate,
wanafunzi wenzangu, hata Padri Lachance:
wananiitikia kwa huruma, kana kwamba nawasimulia ndoto.
Asiyekuwepo na lake halipo.
Lakini Brogu alikuwepo, na mashahidi ni wawili,
ila mashahidi wenyewe hawapatani.

Miaka ishirini na miwili tunagombania rangi ya mamothi.
Mimi: mwekundu, wekundu wa kaa.
Réjean, kwa simu kutoka Calgary: wa kijani, kijani cha chupa.
Tumekatiana simu. Krismasi moja
alimaliza mlo mzima akizungumza na mbwa tu.

Mwaka jana tulikuja kumhamisha baba.
Ameketi juu ya boksi, mpira wa oksijeni puani,
miaka thelathini na minne ya nikeli kifuani,
nasi tunabishana juu ya kichwa chake.
Akainua kidole.
"Televisheni ile," akavuta pumzi,
"ilikuwa nyeusi na nyeupe." Akavuta nyingine.
"Niliinunua kwa Gaétan, dola ishirini.
Rangi ningeitoa wapi?"

Hata friji ilinyamaza.

Réjean alipokwishapanda ndege nilishuka chini peke yangu.
Zulia bado lina mashimo manne ya miguu ya meza.
Nikakaa sakafuni, kichwa kwenye kimo cha mtoto,
ndipo nikaliona dirisha.

Kila usiku, saa saba ikikaribia,
treni ya kiwanda ilimwaga uji wa mawe mlimani,
mbingu ikawaka,
na mwanga ukapenya ile bahasha, ukatua kwenye kioo,
kwenye miwani, kwenye daftari, kwenye manyoya yote.
Dakika moja. Mbili.
Kisha akarudi kuwa kijivu kama wengine.

Nilimpigia Réjean usiku uleule.
Alisikiliza mpaka mwisho, jambo asilolizoea.
"Sawa," akasema. "Na kijani changu?"

Sijui, nikamwambia.
Kikalie.