Vipimo vya Mwenye Pembe

Katika daftari langu la wateja,
baada ya Mama Cito (kiuno tisini na nne, mikono mifupi)
na kabla ya suti ya harusi ambayo haijalipwa hadi leo,
nimeandika: Kinyonga. Urefu, kidole changu cha shahada.
Pembe: vinundu vitatu,
kama ncha za sindano zinazochungulia chini ya kitambaa.

Akonkwa alimleta ndani ya kopo la maziwa
kutoka Nguba, siku walipokata ule ua wa miberoshi
ili wajenge ukuta.
Mama yangu alipomwona akatema mate,
akahamishia kiti chake barazani,
akawa anamenyea mihogo kwenye manyunyu.
“Huyo hafugwi,” alisema. Hakueleza zaidi.

Nilidhani ni kazi ya kushona tu.
Nikatwaa chandarua kilichochanika, mbavu za mwavuli,
nikamshonea nyumba kwa mshono wa mara mbili.
Nikaweka tawi. Nikaweka maji kwenye kifuniko.
Siku tatu alikaa kando ya maji yale
akikauka.
Macho yakaanza kumzama
kama vifungo vilivyovutwa mno na uzi.

Ni Ntakwinja, muuguzi wa zamu ya usiku, aliyecheka:
Huyo haoni maji yaliyolala.
Anajua tone. Tone linalotembea.
Akaleta mpira wa serumu, ameusuuza mara tatu,
tukautundika juu ya tawi la mparachichi.
Tone la kwanza lilimpiga puani. La pili akalipokea,
akayatafuna maji
kama mtu anayeonja kasiksi ya jirani asiyemwamini.

Basi tukawa na mgonjwa nyumbani.
Inzi wa Kadutu, wale wanaonenepa kwenye sambaza,
walimzidi mdomo.
Akonkwa aliacha ndizi zioze chini ya meza ya kukatia
apate vile vidudu vidogo visivyo na jina,
na wateja wakaniuliza kama kuna kilichokufa.
Nyenje mmoja tuliyemsahau humo usiku
alimng’ata mkia.
Pasi ya makala ikimkaribia, anapauka kama chaki.
Akijiona kwenye kioo cha wateja anakuwa mweusi,
anavimba, anafungua kinywa,
anataka kupigana na mtoto yule mwingine.
Na siku moja ulimi ulimtoka, mrefu kuliko yeye mwenyewe,
ukanata juu ya nyuki aliyechorwa
kwenye kitenge cha Mama Cito.
Nilicheka. Halafu nikaona jinsi alivyouvuta taratibu,
mtupu,
nikaacha kucheka.

Jua ndilo lililotushinda. Dukani kwangu haliingii.
Nikimtundika nje, watoto wa avenyu wanamrushia mawe;
nikimrudisha ndani, anapiga kichwa kwenye wavu
mpaka kinundu cha kati kikaanza kuota upande.
Nimeandika hilo pia: pembe ya kati, inaegemea kushoto.
Nguo iliyopinda ningeifumua.

Wiki ya saba tukampeleka Nguba, tumrudishe.
Ukuta ulikuwa umekwisha, juu yake vipande vya chupa.
Akonkwa akalinyoosha tawi kuelekea matofali.
Kinyonga akatoa mguu,
akaurudisha, akautoa tena,
akitikisika kama jani katika upepo
ambao haukuwepo.
Tulisimama hivyo mpaka mlinzi akatoka
kutuuliza tunauza nini.

Sasa ni usiku. Umeme hakuna.
Cherehani naiendesha kwa mguu, tone linaanguka,
sijui tena ni kipi kinafuata mwendo wa mwenzake.
Mvua imezidi, Mama ameingiza kiti chake.
Amempa kinyonga mgongo, anamenya mihogo.
Lakini ni yeye aliyesema,
bila kugeuka:
“Tone limesimama.”

Nikainuka kulegeza mpira.